Lori Lililokataa Kuvuka Ikweta

Hajji ana Canter moja inayoleta matoke Kampala kutoka Masaka, na dereva wake ni mwanajeshi mstaafu ambaye mtaani kwetu Kisenyi wote tunamwita Afande. Hajji hakuwa na ugomvi na Afande. Ugomvi wake ulikuwa na dizeli, maana ilikuwa inaisha kabla ya hesabu. Basi akanijia kibandani akitaka nimtengenezee kitu cha kumwambia gari liko wapi, kwa sababu vile vya kununua vina ada ya kila mwezi, na Hajji na ada za kila mwezi hawasalimiani.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya wiki moja.

Kazi yenyewe kwenye karatasi ni ndogo. Moduli ya GPS inasikiliza setilaiti, Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja, inasoma, moduli ya SIM800L yenye laini ya simu inatuma meseji kila dakika kumi yenye kiungo cha ramani, Hajji anabonyeza, anaona. Kilichobaki ni kuchagua moduli. Dukani nilioneshwa tatu: NEO-6M kwenye ile bodi ya bluu yenye antena ya kauri ya mraba, NEO-M8N iliyokuwa karibu mara mbili ya bei, na kadude kadogo kanakoitwa ATGM336H. Nikachukua NEO-6M, na mpaka leo nasema sikukosea. Muuzaji alinisifia M8N kwamba inatoa nafasi mara kumi kwa sekunde. Mara kumi kwa sekunde ni ya droni. Lori la matoke likikimbia kilomita 80 kwa saa linasogea mita 22 kila sekunde, na mimi natuma meseji kila dakika kumi. Hizo nafasi nyingine 5,999 nimpelekee nani?

NEO-6M inazungumza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, mara moja kwa sekunde, bila kuiwekea chochote. Nyaya ni nne. TX ya moduli, mguu wa kutuma, inakwenda kwenye pini ya kupokea ya Arduino, na RX, mguu wa kupokea, kwenye pini ya kutuma. Wengi huunganisha TX kwa TX, kisha wanakaa wanasubiri vitu viwili vinavyopiga kelele visikilizane. Bodi ina kidhibiti chake cha volti 3.3, kwa hiyo unaweza kuilisha volti 5, ila mguu wake wa RX ni wa volti 3.3. Niliweka rizista mbili, ya kilo-ohm 1 na ya kilo-ohm 2, zile volti 5 za Arduino zikafika pale zikiwa zimepungua hadi 3.3 na adabu zao.

Nikaiwasha kibandani, saa mbili usiku. Taa ndogo ya bodi haikumeta. Kwenye NEO-6M taa hiyo ikianza kumeta mara moja kwa sekunde ujue imeshajua iliko, kabla ya hapo imenuna tu. Nikasubiri nusu saa. Nikala. Nikarudi, bado imenuna. Nikabadilisha nyaya. Kufika saa tano nilikuwa nimesolda upya kiunganishi cha antena ambacho hakikuwa na kosa lolote, na jirani amegonga ukuta mara mbili kwa sababu ya harufu.

Kibanda changu ni mabati juu na mabati ubavuni. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na ishara yake ikifika ardhini imeshachoka kiasi kwamba ni hafifu kuliko kelele zinazoizunguka. Bati haliulizwi mara mbili. Asubuhi nikatoka nje na kigoda, nikaiweka bodi juu ya ndoo iliyopinduliwa, antena ikitazama juu. Dakika mbili haikufika, taa ikaanza: tii, tii, tii. Kitabu chake kinasema sekunde 27 kukiwa na anga safi. Bodi iliyokaa dukani miezi haina kumbukumbu yoyote ya setilaiti ziko wapi, mpe muda. Ikishapata nafasi, betri yake ndogo inashika kumbukumbu, na ukiiwasha tena baada ya muda mfupi inashtuka mara moja kama mtu aliyesinzia tu.

Sasa tufike kwenye programu, maana huko ndiko nilikojichimbia.

Ipo maktaba ya TinyGPS++. Ni ya bure, imejaribiwa na watu wengi, na unaipa herufi moja moja nayo inakurudishia latitudo na longitudo zilizoiva. Sikuitumia. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba Uno ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, lazima nibane. Ukweli ni kwamba nilitaka niseme nimeandika mwenyewe.

Moduli hutoa mistari ya maandishi. Ninaoutaka ni ule wa RMC, na asubuhi ile juu ya ndoo ulisomeka hivi:

$GPRMC,034012.00,A,0018.66120,N,03234.26040,E

na vingine baada yake. Koma zinatenga sehemu. Ukihesabu jina kuwa sehemu ya 0, basi ya 1 ni saa, ya 2 ni A kama moduli ina uhakika au V kama inabahatisha, ya 3 ni latitudo, ya 5 ni longitudo, ya 7 ni kasi. Nikachukua 1, 2, 3, 5 na 7. Zile za 4 na 6 ni herufi tu, N na E, nikaziruka. Sote tunajua Kampala iko wapi.

Meseji ya kwanza ikamwonyesha Hajji kwamba lori lake, ambalo lilikuwa limeegeshwa mbele ya macho yake na yeye ameliegemea, liko kwenye majani huko Mpigi. Kilomita 29 kwa mstari ulionyooka. Hajji alilipapasa kwanza, halafu akaangalia simu tena.

Hili nililielewa siku hiyohiyo. Ile 0018.66 si digrii 0.1866. Ni digrii 00 na dakika 18.66, zimebandikwa pamoja bila nafasi. Unatoa digrii pembeni, dakika unazigawa kwa 60, ndipo unajumlisha: 18.66 kwa 60 ni 0.311, na hapo uko Kisenyi. Mimi nilikuwa nimegawa yote kwa 100 na kuhamisha mji.

Halafu ikaja saa. Meseji ilisema 03:40, Hajji akaja juu: lori lake linatembea saa tisa na dakika arobaini usiku? GPS inatoa saa ya dunia, sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ilikuwa 06:40 asubuhi. Na Hajji hasemi 06:40, anasema saa kumi na mbili na dakika arobaini kama mtu mwingine yeyote. Nikaweka hesabu: ongeza 9, kila ukipita 12 toa 12. Mpaka leo hicho ndicho kipande cha programu ninachokipenda kuliko vyote, saa ya Kiswahili kutoka angani. Kasi nayo inatoka kwa noti, kipimo cha kasi cha mabaharia, si kwa kilomita. Kwa siku mbili Hajji alimsifu Afande kwa kutozidi 43, mpaka nilipozidisha kwa 1.852 ikawa 80, na sifa zikakoma.

Umeme wa lori sitauongelea sana. Canter ile ina betri mbili, volti 24, na alternata ikifanya kazi inafika 28, kwa hiyo usijaribu kidhibiti cha 7805 maana itakuwa jiko. Niliweka moduli mbili za kupunguza volti, LM2596, zinavumilia hadi volti 40: moja nikaiset 5 kwa ajili ya Arduino na GPS, nyingine 4.1 kwa SIM800L, ambayo haitaki kuzidi 4.4. Hiyo SIM800L ikituma hukurupuka na kuvuta hadi ampia 2 kwa kufumba na kufumbua. Kama huna kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu yake, itakuwa inajizima kila ikitaka kusema neno. Antena ya kauri nikaiondoa, nikanunua ile ya nje yenye sumaku na waya wa mita 3, nikaibandika juu ya paa la kabini. Boksi lote nikalifunga kwa kavera mbili, mifuko ya plastiki, na mpira wa tairi.

Nikaijaribu Entebbe. Sawasawa. Mukono, sawasawa. Nikapanda nayo basi hadi Jinja, kila dakika kumi iko palepale nilipo. Nikamwita Hajji nikamwambia kwa kifua: GPS haidanganyi.

Alhamisi Canter ikaondoka kwenda Masaka. Mimi na Hajji tumekaa kibandani na chai, simu katikati yetu kama redio ya kusikilizia mpira. Busega. Kyengera. Nsangi. Mpigi, safari hii Mpigi ya kweli. Buwama. Hajji akawa anatabasamu peke yake. Ikaja meseji ya latitudo 0.01, Kayabwe, pale kwenye Ikweta. Nikampigia na hadithi kidogo, kwamba sasa lori linavuka kati ya dunia.

Meseji iliyofuata ilisema 0.04. Iliyofuata 0.09.

Hajji akasogeza simu. Barabara ya Masaka inateremka kusini. Kwenye ramani, Canter ilifika Kayabwe, ikaigusa Ikweta, ikageuka kuelekea kaskazini magharibi, porini, pasipo na barabara, ikiwa na kasi ya kilomita 75. Kama mpira uliogonga ukuta.

"Anaenda wapi huyu?"

"Gomba, Hajji," nikasema, kwa sababu ramani ndivyo ilivyoandika.

Ikafika 0.15 na 31.87, ikasimama. Kasi 0. Meseji ya pili, kasi 0. Saa nzima na nusu lori lilisimama katikati ya malisho ya ng'ombe huko Gomba. Kisha likaondoka, likazama zaidi porini likielekea upande wa Mubende, likalala hapo. Kesho yake likarudi kwa njia ileile: likasimama Gomba, likateremka hadi Ikweta, likaigusa, likapanda kuja Kampala, na likaingia Kisenyi limejaa matoke ya Masaka yenye udongo wa Masaka.

Hajji alimpigia Afande akiwa bado njiani. "Uko wapi?" Lukaya. "Lukaya ipi?" Kuna ngapi, Hajji? Hajji akakata simu, akaniangalia, akasema kwa upole wa kutisha: "Ananidanganya mpaka jina la mji."

Mtaani kwetu habari haihitaji mtandao. Mke wa Afande anauza rolex pale kona, chapati na mayai, na kila mtu anapita pale. Jioni hiyo akaja kibandani bado ana unga mikononi. Hakufoka. Aliniomba nimwonyeshe pale lori liliposimama. Nikamwonyesha. Akauliza kama linasimama hapo kila safari. Kwa safari mbili zilizokwishapita, ndiyo. Kwa muda gani? Saa moja na nusu. Akaitazama ile alama nyekundu kwenye malisho ya Gomba kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu vyumba.

"Ana watoto wangapi huko?" akaniuliza.

"Mama, hii inaonyesha gari tu."

"Basi gari limezaa wangapi?"

Afande alikuja usiku, amevaa koti lake la zamani, na hakukaa. "Kijana. Mwaka 1986 nilivuka Katonga chini ya risasi. Leo navuka Katonga na tani za matoke, na wewe una kidude kinachosema sijavuka?"

Ningekuwa na akili ningeliangalia neno lile, kuvuka. Badala yake nikasema moduli ni mbovu. Nikamweleza Hajji kwamba NEO-6M inasikiliza setilaiti za Marekani peke yake, huenda kule bondeni ishara inapiga pembeni na kurudi, dawa ni M8N ambayo inasikiliza na zile za Urusi. Kupiga pembeni kupo kweli, mjini kwenye maghorofa nafasi inaweza kuyumba makumi ya mita. Makumi ya mita, si wilaya nzima. Lakini Hajji alitoa pesa, na mtu aliyetoa pesa hukusikiliza vizuri.

M8N ikafungwa. Taa ikameta vizuri kabisa. Meseji: hakuna setilaiti. Nikazima, nikawasha. Taa inameta, meseji inasema hakuna setilaiti. Nikaing'oa nikairudisha dukani, nikaongea maneno kuhusu bidhaa feki ambayo sasa nayaonea haya. Dada wa kaunta hakunijibu. Aliichomeka kwenye adapta ya USB, akafungua laptopu, akanigeuzia kioo. Mistari ikawa inateremka, latitudo na longitudo za duka lenyewe. "Ubovu uko wapi?" Nikaangalia tarakimu. Zilikuwa sahihi. Nikasema labda inatetemeka na joto la gari, nikanunua ATGM336H, ambayo inasikiliza Marekani na China, ili nilinganishe.

Nayo ikanyamaza vilevile.

Saa saba usiku ndipo nikafanya alichofanya yule dada, ila safari hii nikasoma herufi. NEO-6M huanza mstari wake kwa $GPRMC. Hizi nyingine mbili zinaandika $GNRMC. GP maana yake nafasi imetoka kwa GPS peke yake, GN maana yake ni mchanganyiko wa mifumo. Programu yangu ilikuwa inangoja GPRMC herufi kwa herufi, ikiona GN inageuza uso. Ukiandika mwenyewe, ruka herufi mbili za mwanzo baada ya alama ya dola, linganisha RMC tu. Hiyo TinyGPS++ inajua zote mbili, lakini nani alikuwa anaizungumzia TinyGPS++.

Nikarekebisha, M8N ikarudi garini, Canter ikaenda Masaka. Kayabwe ikaigusa Ikweta na kurudi. Gomba, saa moja na nusu. Sasa hata Warusi walikuwa wanashuhudia kwamba Afande yuko Gomba. Safari iliyofuata nikaweka ATGM336H, na Wachina nao wakatia sahihi.

Mke wa Afande akahamishia godoro lake kwa dada yake Ndeeba.

Hajji akaamua twende wote. Jumamosi alfajiri tukajipanga kabini: Afande kwenye usukani amenyamaza kama mlango, Hajji katikati, mimi dirishani na laptopu magotini, M8N imechomekwa moja kwa moja, mistari inateremka kila sekunde. Nilikuwa nimeapa kutoangalia meseji. Nitaangalia kinachotoka kwenye moduli yenyewe, kibichi.

Mpaka Buwama hakuna aliyesema kitu. Dakika zikawa zinapungua: 0003, 0002, 0001. Kayabwe Afande akaegesha karibu na ile duara nyeupe ya saruji ambayo wageni hupigia picha, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Nikamwomba asogeze lori taratibu, mita chache mara moja. Kila 0.001 ya dakika ni mita 1.85, kwa hiyo unaweza kuitazama Ikweta ikija kama mtu anayetembea.

0000.01840,N
0000.01102,N
0000.00415,N
0000.00290,S
0000.00985,S

Mimi nikaona tarakimu zimeanza kupanda tena. "Mnaona!" nikapiga kelele. "Imegeuka! Gari linaenda kusini nayo inasema tunarudi!"

Afande alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Akainama juu ya mapaja ya Hajji, akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenye grisi.

"Kijana. Hii S ni ya nini?"

"Kusini, Afande."

"Na hapa juu?"

"N. Kaskazini."

"Na programu yako," akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyefundisha kuruta kusoma ramani, "hii S inaiweka wapi?"

Nje kuna kijana alikuwa anawaonyesha wageni maji yanavyozunguka kwenye beseni. Nakumbuka nilimtazama kwa muda mrefu. Sehemu ya 4. Niliiruka kwa sababu sote tunajua Kampala iko wapi. Entebbe, Mukono, Jinja, zote ziko juu ya mstari. Nchi nzima niliyoijaribu ilikuwa N.

Hajji hakuelewa mara moja, ikabidi nimweleze. Masaka iko digrii 0.34 chini ya Ikweta. Ukiitupa S, inakuwa digrii 0.34 juu yake, yaani kivuli chake upande wa pili. Lukaya kivuli chake kinaangukia Gomba. Moduli zote tatu zilikuwa zinasema kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa namkata mtu neno la mwisho. Hajji akauliza moduli tatu jumla ni shilingi ngapi. Afande akawasha kiashiria, akaingia barabarani, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Ungedhani imekwisha. Nikaandika papo hapo, laptopu inaruka na mashimo: kama sehemu ya 4 ni S, zidisha digrii kwa hasi 1, kisha jumlisha dakika. Nikaipakia. Tukavuka Katonga, tukafika Lukaya, meseji ikaingia kwenye simu ya Hajji.

Gomba.

Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam dosari hiyo ingekutupa mbali, ungeshtuka na kuona unachokosea. Kwetu sisi digrii ni 0 pande zote mbili za mstari. Sifuri ukiizidisha kwa hasi moja bado ni sifuri, minasi imepotelea hewani, kisha unajumlisha dakika unapata 0.15 ileile. Minasi inawekwa mwishoni, baada ya digrii na dakika kuwa namba moja. Nikahamisha mstari huo. Meseji ikatoka imekatika mkia, kwa sababu nilikuwa nimetenga nafasi tisa za maandishi ya latitudo: nane za 0.150000 na moja ya kufungia, na minasi nayo inataka kiti chake. Nikaweka kumi na mbili, nisije nikaulizwa tena.

Haya yote yalichukua saa moja na nusu, na hakuna aliyeniharakisha, kwa sababu Afande alikuwa ameegesha kwa wachoma kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, ameshika paja la kuku, na wauzaji wote wanamjua kwa jina. Simu ya Hajji ikalia. Akafungua. Minasi 0.15, 31.87. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Kasi 0. Lukaya.

Hajji aliitazama ramani, akamtazama Afande, akautazama ule mfupa. Saa moja na nusu, kila safari, kwenda na kurudi. Halafu akaegemeza kichwa akisikiliza. Canter ilikuwa bado inanguruma.

"Afande. Mbona huzimi injini?"

"Hajji, nikizima, nani atasukuma? Betri nimekuomba tangu kabla ya Ramadhani."

Tukarudi Kampala na betri mbili mpya alizonunua Masaka mwenyewe, kwa mkono wake, akihesabu noti kama anayetoa meno. Mke wa Afande alioneshwa ramani mpya, akakubali kwamba hakuna Gomba, kisha akauliza anayechoma hao kuku ni mwanamume au mwanamke.

Wiki iliyofuata Afande akapita kibandani, akasimama mlangoni mpaka wateja wote wakaondoka.

"Kijana, ile minasi," akasema. "Kuitoa ni bei gani?"